Shangazi Mardhiya na Flashi ya Maalim

Shangazi yangu Mardhiya hapendi kuambiwa kwamba anajua kompyuta. Yeye ni mpiga chapa, anasema, basi. Alipiga chapa ofisi ya wilaya hapa Bagamoyo miaka thelathini na mmoja, kwanza kwa mashine ile ya chuma yenye kengele, halafu kwa kompyuta, na alipostaafu wanawe wakamnunulia kompyuta ya mezani, ya mtumba lakini nzima. Wakaiweka sebuleni pembeni ya kabati la vyombo, naye akaifumia kitambaa. Mpaka leo akimaliza kazi huifunika, na ole wake atakayeweka kikombe juu yake.

Mimi ni Nasrin, binti wa kaka yake. Nina duka la steshenari Kerege, pale barabarani: natoa kopi, nachapa barua za maombi ya kazi, napiga picha za pasipoti. Silitaji duka langu ili kujitangaza. Nalitaja ili ijulikane kwamba virusi vya kompyuta navijua kwa sura na kwa tabia. Kila mteja anakuja na flashi, na kila flashi imeshapita kwa watu kumi kabla yangu. Kwa hiyo katika ukoo wetu anayeulizwa habari za virusi ni mimi. Katika haya ninayosimulia nina kosa langu pia, nitalitaja likifika mahali pake.

Kazi kubwa ya Shangazi kwenye kompyuta ile ni majina ya marehemu. Kila mwaka mwezi wa Shaaban, Alhamisi ya mwisho kabla ya Ramadhani, msikiti wa mtaani kwetu Dunda husoma khitma ya kuwarehemu watu wa mtaa waliotangulia. Baada ya Kurani majina husomwa moja moja. Zamani watu walikuja na vikaratasi, vingine havisomeki, na kila mwaka kulikuwa na manung'uniko kwamba baba wa fulani katajwa mara mbili na mama wa fulani hakutajwa kabisa. Shangazi alipostaafu akasema leteni kwangu, mimi nitaandika. Kwa miaka kumi na minne watu walikuja sebuleni kwake, wakakaa, wakapewa kahawa, wakawataja wafu wao, naye akaandika papo hapo bila kutazama vidole. Majina yalifika mia tatu na arobaini na saba. Wengi wa waliokuja kutaja, sasa na wao wamo kwenye orodha.

Ulinzi wa kompyuta hiyo una kisa chake. Siku moja Shangazi alinipigia simu kwamba mashine imekuwa nzito, akiiwasha anaweza kuchambua mchele wa watu sita kabla haijaamka. Nikaenda. Nikakuta ina programu mbili za kuzuia virusi, hizi ambazo sote tunaziita antivairasi, na kila moja inamwona mwenzake ndiye mwizi. Zilikuwa zinagombana mchana kutwa na mashine katikati yao hoi.

"Shangazi, nani kakuwekea mbili?"

"Moja kaileta jirani. Ya pili kaileta Ridhiwani kutoka Dar, anasema ni ile ya kulipia lakini yeye kaipata bure."

"Na zote ukakubali?"

"Mtu kakuletea zawadi mpaka nyumbani, Nasrin. Utamwambia nini?"

Hapo ndipo palipo na udhaifu wa Shangazi wangu, na wa watu wengi wa mji huu. Hatujui kumwambia mtu hapana usoni. Ridhiwani ni mtoto wa mjomba wetu, kijana mwema, lakini antivairasi aliyoleta ilikuwa imevunjwa kufuli. Ya namna hiyo huwezi kuiapdeti, na antivairasi isiyoapdetiwa haijui virusi vilivyotengenezwa wiki iliyopita. Tena aliyevunja kufuli hujui kaacha nini humo ndani. Nikaziondoa zote mbili. Nikamwambia Shangazi tuchague moja, halali, na akanihoji kama anayetafuta mtu wa kumsaidia kazi za nyumbani. Inakula bando? Kidogo, kila wiki ikiapdeti. Ni nzito? Ipo nyepesi. Mwaka ukiisha inakwenda zake? Unalipia tena, au unabaki na ile iliyokuja na mashine yenyewe, ambayo nayo si mbaya ikitunzwa.

"Inapiga kelele?" akauliza mwisho.

"Zipo za kimya na zipo za kelele. Ikiona kirusi inafungua kidirisha chekundu na kulia."

"Hiyo ya kulia. Macho yangu haya vidirisha vidogo hayavioni."

Tukaweka hiyo ya kulia. Nikampa masharti matatu. La kwanza, kila flashi ipimwe kabla ya kufunguliwa. La pili, antivairasi isizimwe kwa sababu yoyote. La tatu, orodha iwe na nakala nje ya kompyuta. Na hilo la tatu ndilo kosa langu. Nilimpa flashi yangu mpya, nikaichomeka mwenyewe nyuma ya mashine, nikamwambia iache hapo hapo isije ikapotea, kila jioni kompyuta itajinakili yenyewe. Nikaahidi kumletea diski ya nje, ya kuchomoa na kuweka kabatini. Kila nikienda Dar nilisahau. Kwa mteja nisingefanya hivyo, maana mteja angenidai.

Kupima flashi za watu kulimpa Shangazi shida ambayo mimi dukani sina. Mteja wangu namwambia flashi yako chafu, anacheka, tunaisafisha. Lakini mtu mzima aliyekuja sebuleni kwako na kanzu yake, umwambie alicholeta kina uchafu? Akabuni njia. Anapokea flashi, anasema "ngoja niifute vumbi," anaipangusa kwa upindo wa kanga, anaichomeka, anageuza skrini kidogo kuelekea ukutani, anapunguza sauti, halafu anamimina kahawa na kuuliza habari za nyumbani moja baada ya nyingine mpaka kupima kuishe. Wageni wakaondoka wakimsifu kwa ukarimu. Miaka mitatu hakuna aliyejua kwamba flashi yake inapekuliwa.

Kisha mwaka jana, mwezi wa Rajabu, akaja Maalim Abdulnasir.

Maalim ndiye aliyemfundisha Shangazi alifu na be, yeye akiwa na miaka minane na Maalim kijana wa miaka ishirini. Nusu ya mtaa imepita mkononi mwake. Ndiye pia anayesoma yale majina kwenye khitma. Shangazi ana wajukuu, lakini Maalim akipita barabarani husimama na kurekebisha mtandio kama yuko darasani. Siku hiyo Maalim alitaka kuchapiwa ratiba ya Maulidi ya madrasa, iliyokuwa kwenye flashi pamoja na kaswida za watoto. Mkwewe alikuwa ameijaza kwenye duka moja huko Dar.

Na hakukaa kwenye kochi. Alivuta kiti mpaka ubavuni mwa Shangazi, akavaa miwani, akasema anataka kuona inavyofanywa. Pa kugeuzia skrini hapakuwapo. Shangazi akachomeka flashi, na ile antivairasi tuliyoichagua ikafanya kazi yake: dirisha jekundu skrini nzima, na king'ora.

"Inasema nini?" Maalim akauliza.

"Inasalimia tu, Maalim," akasema Shangazi yangu.

Aliponisimulia, nilicheka mpaka nikakasirika. Inasalimia! Akaifunga, ikalia tena. Maalim akageuza uso, akaitazama flashi yake, akamtazama Shangazi. Shangazi akashikwa na aibu. Akaenda pale nilipomwonyesha siku ya kwanza, mahali nilipomwambia asiguse, akaizima antivairasi. Kukawa kimya. Kwenye flashi kulikuwa na folda imeandikwa Kaswida, akaibonyeza mara mbili, haikufunguka. Haikuwa folda, ilikuwa kirusi kilichojifanya folda. Akachapa ratiba, Maalim akamwombea dua ndefu, akaenda zake.

Asubuhi yake kila faili lilikuwa limebadilika jina na kuwa herufi zisizo na maana. Juu ya skrini kulikuwa na barua ya Kiingereza: mafaili yako yamefungwa, lipa dola, la sivyo hutayaona tena. Flashi yangu nayo, kwa kuwa ilikuwa imechomekwa nyuma usiku na mchana, ikafungwa pamoja na mengine. Kirusi kiliikuta mlangoni, nimekiwekea mwenyewe.

Niliichukua kompyuta mpaka Dar kwa fundi ninayemwamini. Akanieleza vizuri. Tusilipe, wanaolipa wengi hawarudishiwi kitu. Kwa aina hii ya kirusi ufunguo haujapatikana, pengine siku moja utapatikana, kwa hiyo nihifadhi diski ya zamani kama ilivyo. Akaweka diski nyingine na mfumo mpya. Nikarudi Bagamoyo na kompyuta safi isiyo na jina hata moja.

Mtu atauliza, na karatasi? Si orodha ilichapwa kila mwaka? Ilichapwa, kurasa tisa, na juu ya kila ukurasa Shangazi aliweka Bismillahi na aya kwa Kiarabu, kwa mapambo mazuri ambayo nilimfundisha mimi. Karatasi yenye maneno ya Mungu haitupwi wala haifungiwi maandazi. Kila mwaka baada ya khitma zilichomwa kwa heshima na jivu likamwagwa baharini. Kazi hiyo aliifanya yeye mwenyewe, asibakize hata ukurasa.

Zilibaki wiki tatu kabla ya khitma. Shangazi hakulia mbele yangu. Alichukua daftari, akaanza na nyumba ya kwanza ya mtaa wetu, akagonga mlango. "Nahakiki majina," akawaambia watu, "nisaidieni kunitajia upya." Wakamtajia. Waliohamia Kerege na Fukayosi niliwafuata mimi. Kila jioni alipiga chapa, na kila jioni nilitoa nakala kwenye diski ya nje, nikaichomoa, nikaifungia kabatini mwenyewe bila kukumbushwa. Majina yakafika mia mbili, mia tatu, mia tatu na thelathini. Akapita tena kwa waliosahau. Siku nne kabla ya khitma yalifika mia tatu na arobaini na sita.

"Limebaki moja," nikasema. "Shangazi, moja tu. Nani atajua?"

Alinitazama kwa hasira ambayo sijawahi kuiona machoni mwake. "Mama yake angejua."

Ndipo akaniambia. Mama huyo nitamwita Zuhura, si jina lake. Miaka kumi na mmoja nyuma alikuja kutaja wafu wake: mume, mama, kaka. Alipomaliza hakuinuka. Akasema kuna mwingine, mtoto, jina lake fulani, andika wala usiniulize. Shangazi akaandika. Baadaye, kidogo kidogo, Zuhura akamweleza. Alimzaa Pangani akiwa msichana, kabla ya ndoa, mtoto akaishi siku tisa. Siku ya saba alipewa jina, siku ya tisa akazikwa, na Zuhura akaletwa Bagamoyo kuolewa. Mume hakujua. Watoto wake wa hapa hawajui. Ulimwenguni kote jina la mtoto yule lilitajwa mara moja kwa mwaka, kwenye khitma yetu, katikati ya majina mengine. Zuhura amekufa mwaka wa pili sasa. Shangazi alikuwa ameliandika mara moja tu, na majina yakisomwa yeye huwa uani na masufuria ya pilau. Alikumbuka macho ya Zuhura siku ile. Jina halikumjia.

"Tuwaulize watoto wake kwa ujanja," nikasema.

"Hakunipa jina la mwanawe ili nije nimvue nguo kaburini."

Kwa kweli niliona haya.

Kesho yake, nikiwa dukani nachapa barua ya mtu, wazo likanipiga nikaacha katikati ya sentensi. Maalim! Maalim amehifadhi Kurani nzima. Ameyasoma majina yale kwa sauti mwaka baada ya mwaka. Nikafunga duka mchana, nikaenda Dunda, nikamwambia Shangazi. Hakushangaa hata kidogo.

"Nilijua tangu siku ya kwanza," akasema.

"Ulijua! Na wiki tatu hizi tunazunguka milangoni mwa watu?"

"Nikimuuliza atasema orodha iko wapi. Nitajibu imepotea. Atasema imepoteaje. Nitasema nini, Nasrin? Kwamba flashi yake ya kaswida ndiyo iliyofuta wafu wa mtaa mzima? Mzee wa miaka themanini na mmoja?"

Tuligombana. Nilisema maneno mengi na baadhi siyarudii. Nilimwambia adabu yake ndiyo iliyozima king'ora, na sasa adabu hiyo hiyo inamfukia mtoto wa Zuhura mara ya pili. Akaniambia nitoke. Nikatoka mpaka kibarazani. Nikiwa navaa viatu nikamsikia anafungua kabati, akatoka amejitanda, akanipita bila kunisemesha.

Tulimkuta Maalim nyumbani kwake, anasahihisha mbao za wanafunzi. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatukaribisha. Shangazi hakukaa. Alisimama pale pale alipofika na kusema yote kwa mfululizo, kama anayesoma barua aliyoichapa: flashi, dirisha jekundu, alivyoizima, majina yalivyokwenda, na moja lililobaki. La nani hakusema.

Maalim alivua miwani. "Flashi yangu?"

"Ndiyo, Maalim."

"Ukaniambia inanisalimia."

"Nilikudanganya. Niwie radhi."

Akaiweka miwani juu ya mbao. "Mardhiya," akasema, na hakuweka Bi, "ulipokuwa ukikosea herufi nilikusahihisha mbele ya wenzako, ukalia, kesho ukasoma sawasawa. Mimi nikikosea, nani mmepanga aniambie?"

Maalim akamwambia akae, akamwita mkewe alete maji, kisha akafumba macho, akaanza kutaja. Hakuwa akikumbuka yote, alisema, uzee umeyala mengi. Lakini utaratibu wake anao. Shangazi alifungua daftari na kufuata kwa kalamu. Yalipita kama themanini hivi, baada ya Mzee Mbaruku na kabla ya Bi Sihaba, akataja jina. Halikuwemo daftarini.

"Hilo," akasema Shangazi.

"Hilo nalijua kuliko yote," akasema Maalim. "Kila jina nikilitaja, wenyewe huitikia, Mwenyezi Mungu amrehemu. Upande wa wanaume au nyuma ya pazia, lazima mtu aitikie. Hilo nikilitaja panakuwa kimya. Mwaka wa kwanza nikadhani wenyewe wamechelewa. Mwaka wa pili kimya. Nikasema basi, hana watu. Tangu hapo nikawa namwitikia mwenyewe."

Shangazi yangu akafunika uso kwa mtandio, akalia pale mbele ya mwalimu wake. Nami nililia. Nilimwona Zuhura nyuma ya lile pazia miaka tisa mfululizo, anasikia mwanawe anatajwa, kafunga mdomo. Maalim hakuuliza ni mtoto wa nani. Alisubiri Shangazi aandike, akamwambia amtajie herufi alizoandika, ahakikishe.

Alhamisi ikafika. Safari hii Shangazi aliwaachia wengine masufuria, akaja kukaa nasi nyuma ya pazia, safu ya mbele. Kurani ikasomwa, kisha Maalim akaanza majina, taratibu. Baba yangu alipotajwa niliitikia. Yakapita kama themanini. Mzee Mbaruku akaitikiwa na wanawe. Halafu Maalim akalitaja lile jina, akatua.

"Mwenyezi Mungu amrehemu," akasema Shangazi, kwa sauti ya kusikika mpaka mihrabuni. Nikaitikia nami. Mama aliyekaa ubavuni kwangu, jirani wa miaka mingi, akaniinamia sikioni, akaniuliza yule ni wa kwetu, mbona hajawahi kumsikia.

Nikamwambia ndiyo, ni wa kwetu.